Aliyemtetea Mama Tunu

Sogeeni karibu, na mwenye la kusema alishikilie kwanza, maana mwishoni nitamhitaji.

Huko Morogoro kuna marafiki watatu. Siwema ana kumbukumbu: jambo akilisikia mara moja, halimtoki. Mkude, fundi cherehani, ana kalamu. Tabia ana sauti. Hata akikusomea risiti ya duka, utataka aendelee.

Wote watatu wanapenda mchezo mmoja wa redioni. Mashabiki wake wana kundi kwenye simu, na humo kila mtu hutunga visa vyake kuhusu wahusika. Lakini ole wake Mama Tunu, mama mkwe mwenye ulimi mkali! Katika visa vyao aliumwa na mbwa, akatumbukia mtaroni, akapigwa na radi mara tatu katika wiki moja. Kisha wakaanza kumbambikia: mara mchawi, mara kamtilia mkwewe sumu. Redioni hakufanya hayo hata siku moja.

Watu walicheka. Ambaye hakucheka ni Bi Mwanjaa, mwigizaji wake. Siku moja sokoni, muuza nyanya aliitambua sauti yake, akazifunika nyanya upesi.

"Sikuuzii, mchawi wewe! Unamtesa mtoto wa watu."

Bi Mwanjaa akarudi nyumbani na kikapu kitupu. Akawaambia wenzake studio kwamba mwisho wa mwezi anaacha mchezo. Habari zikafika kwenye kundi.

Siwema akakimbilia kibandani kwa Mkude, akamkuta na Tabia. "Jamani, tunamwonea huyu mama! Mnakumbuka kule redioni, miaka miwili iliyopita, siku ile ya mvua, mkwewe aliposhikwa na uchungu? Nani alimbeba mgongoni hadi zahanati?"

Wenzake walikuwa wamesahau kabisa.

Mkude akaweka kando suti ya mteja, akaandika. Hakumfanya Mama Tunu malaika; ulimi wake aliuacha vilevile. Katika kisa hicho anambeba mkwewe huku akimsema njia nzima kwa uzito wake, na mjukuu anapozaliwa, yeye ndiye wa kwanza kulia. Akiulizwa, anajibu kwamba ameingiwa na vumbi machoni, na nje mvua inamwagika!

Mkude akakituma. Siku nne zikapita bila mtu kukisoma. Waliona jina la Mama Tunu bila mbwa wala radi, wakapita.

Ndipo Tabia alipokisoma kwa sauti na kujirekodi, akaituma sauti hiyo kundini: Mama Tunu anafoka, mkwe anaguna, mvua inapiga bati. Kufikia mchana, soko zima lilikuwa linasikiliza. Muuza nyanya alicheka hadi akajishika mbavu, kisha akajikuta analia kweli.

Jumamosi akampelekea Bi Mwanjaa kikapu kilichojaa. "Nisamehe, mama yangu. Nilikukosea."

Bi Mwanjaa akakitazama kikapu, akajibu kwa sauti ya Mama Tunu: "Na nyanya zenyewe mbona ndogo hivi?"

Wakaangua kicheko, wakakumbatiana. Bi Mwanjaa hakuacha tena mchezo.

Sasa sikieni mtihani ulipo. Redio imeleta barua: aliyemtetea Mama Tunu anakaribishwa studio kuigiza naye, awe jirani yake kwa kipindi kimoja. Nafasi ni moja tu.

"Bila mimi mngetetea nini?" anasema Siwema. "Mlikuwa mmesahau wote."

"Na wewe ulikaa na kumbukumbu yako miaka miwili kama akiba ya maharage," anajibu Mkude. "Nani aliitoa ikawa kisa?"

"Kisa chenyewe kililala siku nne," Tabia anacheka, "hadi nilipokipa mdomo."

Wakamwendea Bi Mwanjaa awaamulie. Akainua mikono juu. "Msinigombanishe na watu, wanangu. Ndio kwanza nimeanza kupendwa!"

Jina linatakiwa kesho saa nne asubuhi, na barua wameniachia mimi, kalamu hii hapa. Je, wewe ungeandika jina la nani?