Pole Isiyo na Kazi

Palikuwa na mwanamke mmoja, fundi wa kushona, ambaye miguu yake haikutembea tangu utotoni. Lakini mikono? Weee! Mikono ile ingemshonea konokono suruali, na konokono asilalamike kwamba inambana. Cheti cha ufundi amekitundika ukutani, cherehani ya kuzungusha kwa mkono anayo. Nguo ya kushona ndiyo hana.

Kila jioni alikaa barazani akiwatazama wanaorudi kutoka makazini. Mwashi akipita, majirani: "Pole na kazi, fundi!" Muuguzi akipita: "Pole na kazi, sista!" Hata mlinzi wa ghala, ambaye mtaa mzima unajua hulala mpaka udenda unalowesha rungu, naye alfajiri huambiwa: "Pole na kazi, kamanda!" Wakifika kwake yeye, shingo upande kama wamefika msibani: "Pole, dada."

Pole. Basi! Kazi wameikata, kama fundi aliyeishiwa kitambaa.

Naye, ndugu zangu, alikuwa na njaa ya neno hilo lililokatwa. Kuna jioni alijiambia mwenyewe, kwa sauti ndogo, "Pole na kazi, fundi." Akasikiliza lilivyo tamu. Kisha akaitazama cherehani yake iliyofunikwa kanga.

Kwaya ya kanisa lake ilipotaka sare mpya, akamwita mwalimu wa kwaya.

"Mwalimu, nipeni mimi."

"Ah, dada! Tukutese na wewe? Wewe pumzika, sisi tunakuombea."

"Nimepumzika miaka kumi na mmoja, mwalimu. Nimechoka kupumzika."

Mwalimu akacheka, akamwachia kilo ya sukari, kitambaa akakipeleka kwa fundi wa mjini.

Jumapili wakamwita mbele. Mchungaji akamwekea mikono kichwani, wazee wakaongeza yao, mwalimu wa kwaya naye akapenyeza wake, mpaka kilemba hakionekani. Mchungaji akanguruma: "Binti, mwambie Bwana unataka nini!" Macho yote miguuni. Akina mama vigelegele viko ncha ya ulimi, mpiga ngoma fimbo ziko juu.

Akasema, "Nataka sare za kwaya."

Mpiga ngoma akashusha fimbo.

"Binti... na miguu?"

"Miguu sijaitaja mimi, baba mchungaji. Mnaitaja ninyi. Mimi naomba kazi. Na Bwana nishamwomba sana, ila mwenye kitambaa ni huyu hapa, aliyenishika kisogo."

Mnacheka? Chekeni, lakini polepole, maana mikono ile kichwani ni yetu sisi. Tumempandishia Mungu ombi lililoletwa kwetu! Kupeleka sukari tunajua. Kukabidhi kitambaa tunaogopa. Tunaogopa nini, kwamba ataharibu? Mbona yule wa mjini alituletea sare mkono mmoja unaishia kiwikoni, mwingine unapunga kwaheri, na bado tukamwambia ahsante?

Ndugu yangu, hivi tunavyoongea kuna mtu amekaa barazani, anasikiliza viatu vya wenzake vikitoka kazini, na moyo wake unavifuata. Wewe una duka. Wewe una ofisi. Wewe, mama, una jiko la kulisha harusi nzima. Kesho Jumatatu utamkabidhi kazi gani?

Nijibu hapo hapo ulipo. Na usiniambie, "Tuombe kwanza."