Kidonge Chenye Mstari

Wahenga waliposema heri nusu shari kuliko shari kamili, hawakudai kwamba nusu hiyo ni tamu. Walimaanisha kuwa aliyekwisha kukosea ni afadhali aungame leo na kuumia kidogo kuliko kunyamaza na kuangamia kesho.

Msaidizi mmoja wa duka la dawa aliijua methali hiyo tangu shuleni. Kazi yake ilikuwa kupanga rafu, kuhesabu vidonge kwenye sinia dogo na kuvitia katika bahasha. Asubuhi moja, wateja wakiwa wamejazana dirishani, alilijaza upya kopo la vidonge vya homa, haraka haraka. Saa nne alipolifungua tena, akaona kidonge chenye mstari katikati. Vya homa havikuwa na mstari. Vile vilikuwa vya kisukari, na mtoto mdogo akimeza hata nusu, huweza kuzimia asizinduke.

Alikimbilia daftari la mauzo. Daftari lilionyesha kuwa bahasha moja tu ilikuwa imetoka katika kopo lile: ya bibi fundi cherehani, kwa mjukuu wake wa kike.

Angeweza kuvimwaga vyote akafunga mdomo, nani angejua? Kazi ile aliipata kwa mbinde, na mama yake mgonjwa hakuwa na mwingine wa kumtegemea. Isitoshe, mfamasia alikuwa mkali kama pilipili. Msaidizi aliyetangulia alifukuzwa kwa kosa dogo kuliko hilo. Hata hivyo, alimwendea.

"Bosi, nimechanganya dawa. Bibi fundi cherehani ameondoka nazo."

Mfamasia alinyakua simu. Ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena, kimya. Msaidizi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mara ya tatu bibi akapokea.

"Bibi, mtoto ameshakunywa dawa?"

"Bado, baba. Nimeisaga, nangoja maji yapoe."

"Imwage. Usimpe hata chembe."

Msaidizi alikaa sakafuni akalia kwa kwikwi.

Siku hiyo hiyo alipewa barua ya onyo, akaondolewa dirishani na kukabidhiwa ufagio na deki kwa miezi sita. Wateja walinong'ona, naye aliona aibu mpaka akashindwa kuinua uso.

Ijumaa, bibi alikuja na mjukuu wake, ambaye sasa alikuwa amepona homa. Mtoto akapita mbio juu ya sakafu mbichi kwa viatu vya matope, akaichafua yote. Msaidizi alimtazama akikimbia, akaanza kupiga deki upya bila kunung'unika. Hakika, heri nusu shari kuliko shari kamili.