Ufunguo Ukigoma

"Ufunguo ukigoma, legeza usukani." Mmeyasikia maneno haya leo kwenye kikao cha ukoo, wajukuu zangu, mkacheka, maana aliyeambiwa hana hata baiskeli. Sasa mnauliza yametoka wapi. Methali hii ilianzia hapa hapa nyumbani, nami nilikuwepo.

Babu yenu Eliakunda, Mungu amrehemu, alikuwa na pikapu. Kwa sababu ya mteremko huu wetu, kila alipoiegesha aliukata usukani pembeni, tairi za mbele zikaegemea jiwe, isije ikaporomoka hadi kwenye migomba ya watu. Siku moja mdogo wake, Yoeli, aliiazima kupeleka mbao za kanisa. Jioni akairudisha, akaiegesha vile vile, akamkabidhi kaka yake ufunguo.

Asubuhi uchungu ukanishika, mimba ya baba yenu. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, mkunga akasema nipelekwe hospitali upesi, la sivyo tutapotea wote wawili. Wakanipandisha mbele. Babu yenu akachomeka ufunguo, akauzungusha. Haukwenda. Akautoa, akaufuta kwa shati, akachomeka tena. Ukakataa katakata.

Majirani walikuwa wamejaa uani. Akashusha kioo.

"Yoeli, huu si ufunguo wangu."

"Ni ule ule, kaka."

"Umekwenda mjini ukachongesha mwingine, mimi umeniletea bandia. Siku nyingi unalitamani gari hili."

"Kaka, shemeji anaumwa. Hayo tutayasema baadaye."

"Toa ufunguo wangu."

Yoeli akageuza mifuko nje mbele ya watu. Babu yenu akamwambia avue viatu. Akavua. Mtu mzima, mzee wa kanisa, amesimama pekupeku kwenye umande, na wanawe wanamtazama.

"Na soksi je, kaka?" akauliza taratibu.

Mimi niliinamisha uso. Maumivu yalikuwa makali, lakini aibu ile iliyapita.

Babu yenu aliinama, akauegemea usukani kwa kifua, mkono mmoja ungali kwenye ufunguo. Usukani ukasogea kidogo. Ufunguo ukazunguka, gari likawaka.

Kumbe tairi zikilibana jiwe, usukani hujikaza, nao huubana ufunguo. Siku nyingine zote mkono wake ulikuwa ukiuchezesha usukani bila yeye kujua. Siku ile aliukaza kwa hofu, kisha kwa hasira.

Injini ilinguruma peke yake. Yoeli akapiga magoti, akaliondoa jiwe, kisha akapanda nyuma, viatu mkononi.

Tulifika, wakanipasua, baba yenu akatoka mzima. Babu yenu alimwendea mdogo wake pale nje ya wodi, akasimama mbele yake, ufunguo mkononi. Ndipo Yoeli akamwambia, "Ufunguo ukigoma, kaka, legeza usukani."

Jumapili babu yenu aliomba msamaha mbele ya kanisa zima, naye Yoeli akamsamehe, wakakumbatiana. Lakini pikapu ile Yoeli hakuiazima tena. Mbao alizibeba kichwani mpaka anazeeka, na kila babu yenu alipomwona akipita, aliingia ndani kwa aibu.

Basi jambo likikukatalia, kabla hujamvua mwenzako viatu, utazame kwanza mkono wako mwenyewe umekaza nini. Ufunguo ukigoma, legeza usukani.