Dada Aliyepona Kupita Kiasi

Usiisome nusu. Ukimaliza, mpelekee mwenye mgonjwa nyumbani.

Katika milima ya Upare palikuwa na bwana mmoja, Senkondo, aliyesifiwa kwa jinsi alivyomtunza dada yake. Dada huyo, Nakijwa, alianza kusikia sauti zisizokuwapo mara tu baada ya kujifungua. Dawa zikazinyamazisha sauti, ikabaki huzuni. Alishinda barazani akitazama ukuta, na kila alipoulizwa jambo alijibu, "Sawa tu."

Watu wakasema, "Ametulia. Mungu mkubwa."

Mke wa Senkondo hakujaliwa mtoto. Ukoo ukakaa kikao, ukaamua kwamba Nanzia, binti wa pekee wa Nakijwa, alelewe na mke huyo kama mwanawe. Nakijwa alipoulizwa alisema sawa tu. Mtoto akafundishwa kumwita mama yake shangazi.

Mwaka mmoja Nakijwa akaacha kula. Senkondo, ambaye kwa kweli alimpenda, akampeleka hospitali ya mjini. Daktari, mama wa makamo, akamwambia:

"Dawa za sauti ataendelea nazo. Lakini dada yako ana sonona, na hiyo hamjaitibu. Tuna mashine ya sumaku. Inawekwa kichwani kuamsha sehemu ya ubongo iliyozubaa. Hapasuliwi wala halazwi usingizi. Haimsaidii kila mtu, ila tujaribu."

"Itamuumiza?"

"Itamgonga kama ndege kigogota anavyogonga mti. Basi."

"Mfanyie, daktari. Nataka dada yangu anirudie."

Wakapanga chumba karibu na hospitali, wakawa wanakwenda kila siku ya kazi. Siku moja, katikati ya chakula, Nakijwa akaweka kijiko chini.

"Kaka, mchuzi huu umeupika wewe au umepikwa gerezani?"

Senkondo alicheka hadi machozi yakamtoka. Jioni hiyo aliwapigia simu ndugu wote.

Matibabu yalipokwisha walirudi nyumbani. Nanzia akaja mbio uani. "Shikamoo, shangazi."

Nakijwa akachuchumaa. "Marahaba. Ila mimi si shangazi yako. Mimi ndiye mama yako."

Walipokwisha kula akasema, "Kaka, nakushukuru wewe na wifi. Mmenilelea vizuri. Sasa nataka mwanangu alale kwangu."

"Ulikubali kikaoni, Nakijwa."

"Siku ile hata mngeniuliza kama mnizike, ningesema sawa tu."

Wifi akaangua kilio, akaingia ndani. Asubuhi Senkondo akampigia daktari.

"Ugonjwa umerudi."

"Anasikia sauti?"

"Hapana."

"Anakula? Analala?"

"Anakula kutuzidi. Analala vizuri."

"Sasa kilichorudi ni nini?"

"Anabisha."

"Bwana Senkondo, kubisha si ugonjwa. Ila umwangalie. Huzuni ikianza tena, mlete mapema, tutarudia."

Ukoo ukakaa tena. Safari hii Nakijwa hakuitwa. Wazee wakakata shauri kwamba sumaku imemharibu, na Nanzia akapelekwa kwa mama mzazi wa wifi, ng'ambo ya milima. Nakijwa alipopiga kelele kumtafuta, majirani walitikisa vichwa. "Si mnaona?" wakasema.

Miezi ikapita. Siku moja alimkuta kaka yake akinoa jembe.

"Kaka, naiona inakuja. Asubuhi mwili unakuwa mzito kama si wangu. Nirudishe kwenye ile sumaku."

Senkondo hakuinua macho. Alijua akimpeleka atapona, na akipona atamtaka mtoto.

"Tutaona, dada yangu."

Jumatatu iliyofuata alishuka mjini kununua mbolea. Basi lilipita mbele ya lango la hospitali, na kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu. Hakuwa amemwambia Nakijwa kwamba anasafiri.

Funzo: Wengi tunamwombea mgonjwa aache kuugua, wachache tuko tayari aanze tena kudai haki yake.