Picha ya Xaveri

Pale Kiswere hapakuwa na mtu aliyewasitiri watu kumshinda Shamte. Alikuwa fundi cherehani, na kwa miaka ishirini alikuwa ameshona sare za shule, magauni ya harusi, kanzu za Idi, hata sanda zilipohitajika kwa haraka. Lakini kanzu aliyoikata kwa uangalifu kuliko zote ilikuwa yake mwenyewe. Aliishona pana kupita kiasi na hakuivua mbele ya mtu, kwani chini yake alificha busha lililokuwa likikua mwaka hata mwaka.

Mkewe, Adija, ndiye pekee aliyejua. Walikuwa wameoana miaka tisa bila kujaliwa mtoto, kwa kuwa maradhi yale yaliwafanya waishi kama kaka na dada. Wanakijiji hawakulijua hilo. Kisimani na kwenye shughuli walimwita Adija tasa, wengine kwa mafumbo, wengine kweupe pe. Adija aliyameza yote kama mtu amezaye shubiri. Neno moja tu lingetosha kumsafisha, lakini neno hilo lingemvua nguo mumewe, naye hakulitamka.

Mwaka huo madaktari walipita pwani ya Lindi wakitangaza upasuaji wa mabusha. Adija alimbembeleza mumewe wiki nzima mpaka akakubali. Shamte alikwenda Lindi mjini, akapasuliwa pande zote mbili, na kazi ikaisha salama salimini. Kitanda cha pili alilazwa Xaveri, mkulima wa Rondo, mtu mcheshi ambaye hakuona haya kumwambia kila aliyepita wodini alichofanyiwa. Wakaelewana, wakapeana namba za simu.

Siku ya kuruhusiwa, Daktari Frank, aliyewapasua, aliwaeleza utaratibu. Kwa kuwa kwao kulikuwa mbali, hawangelazimika kurudi hospitali kila mara. Yeye angewapigia simu ya video siku ya tatu, ya saba na ya kumi na nne, akague kidonda kwa macho yake. Ambaye simu ingemshinda angekwenda zahanati ya kijijini asaidiwe.

"Mkiona homa, uvimbe au usaha, msingoje siku yangu," alisema. "Nipigieni saa hiyohiyo. Kidonda nikikiona mapema nitakitibu kwa dawa. Nikikiona kimechelewa, sina ahadi."

Siku ya tatu Shamte alikwenda zahanati, maana hakuwa amezoea simu za video. Muuguzi wa zamu alikuwa Anjelina, binti ambaye yeye mwenyewe alimshonea sare ya darasa la kwanza. Anjelina alimwamkia shikamoo kwa adabu, akamwandalia chumba, akavuta pazia. Alipoona mzee huyo amesimama kama nguzo, alimwambia kwamba angetoka nje na kumwachia simu, afunge mlango kwa ndani, abaki yeye na daktari peke yao.

Shamte akafunga mlango. Uso wa daktari ulipotokea kwenye kioo, mikono yake ilikataa kufungua msuli aliojifunga kiunoni. Alikumbuka picha za watu zilivyozunguka kijijini, kutoka simu hii hadi simu ile, mwenyewe aliyepigwa akiwa wa mwisho kujua. Yeye pia alikuwa amezicheka picha hizo. Akaziba kamera kwa kidole gumba, akasema mtandao ni mbaya, haoni kitu. Daktari akamwuliza kwa sauti tu: ana homa, ana uvimbe, anatoa usaha? Akajibu hapana, na siku hiyo ilikuwa kweli.

Siku ya tano haikuwa kweli tena. Kidonda cha kushoto kiliwaka moto, kikavimba, na kitambaa alichokifungia kikalowa maji mazito ya rangi ya uji wa ulezi. Adija alipomwona akikaa upandeupande kwenye kiti cha cherehani, alimwomba amwoshe na kumtazama. Shamte alikataa. Alisema kidonda ndivyo kinavyopona, kinavuta. Akanunua vidonge dukani bila kusema vya nini, akawa anajikanda kwa maji ya chumvi mlango ukiwa umefungwa.

Siku ya saba daktari alipiga tena, safari hii kwenye simu ya Shamte. Shamte alirudia kisa cha mtandao. Daktari Frank akamwambia kwa upole kwamba hapo asingemkubalia maneno matupu. Kama video imeshindikana, apige picha aitume, naye angeifuta baada ya kuitazama. Alimpa muda hadi adhuhuri.

Ndipo Shamte alipomkumbuka Xaveri. Akampigia, akamsalimu, wakacheka kidogo, kisha akamwomba picha ya kidonda chake ili alinganishe na chake ajue kama wanakwenda sawa. Xaveri hakuona ubaya. Picha ikaingia: kidonda kikavu, kimefunga vizuri, kama mshono wa fundi hodari. Shamte aliitazama kwa muda mrefu. Halafu akaituma kwa daktari kuwa ni yake.

Jibu lilikuja kabla ya adhana. "Hongera, mzee wangu. Kidonda chako kinafunga vizuri sana. Endelea hivyohivyo."

Shamte alimpa Adija simu aione picha, asome na jibu mwenyewe. Adija alisoma mara mbili, akaishika simu ile kifuani, machozi yakamtoka. Toka siku hiyo hakuuliza tena habari ya kidonda. Nani angebishana na daktari? Ajabu ni kwamba Shamte naye aliposoma maneno yale alipata nafuu ya moyo, kana kwamba ile picha ilikuwa imekuwa yake kweli.

Lakini mwili haudanganyiki kwa picha. Siku ya tisa alianza kutetemeka mchana kwenye jua kali. Siku ya kumi ilizuka harufu ambayo aliijua mwenyewe na hakuweza kuivumilia. Akachukua chetezo, akafukiza udi chumbani asubuhi na jioni. Adija aliposikia harufu ya udi alielewa vingine. Alidhani mumewe amepona na anamwita kwa lugha ya wenye ndoa. Alikwenda kwa jirani akapakwa hina, akarudi na mikono mibichi, akiona haya kama mwari. Shamte aliitazama hina ile, akataka kusema. Badala yake akaongeza udi kwenye chetezo.

Siku ya kumi na moja alianguka kwenye cherehani yake, wateja wakiwa wamejaa barazani. Walimbeba wakamlaza kwenye jamvi. Anjelina alikuja mbio kutoka zahanati, na hapakuwa na nafasi ya pazia wala mlango. Alikata msuli kwa mkasi, akampigia daktari kwa video, akaielekeza simu. Mtandao haukuwa na tatizo lolote. Waliokuwa barazani wote waliona, wakageuza nyuso, wanawake wakaziba pua kwa khanga. Kwenye simu Daktari Frank akasema atafutiwe usafiri sasa hivi.

Walimfikisha Lindi angali anapumua. Upasuaji ulichukua saa tatu. Daktari alipotoka alimwita Adija kando, akamwambia kwamba mumewe ataishi. Kisha akainamisha kichwa na kumweleza kwamba usaha ulikuwa umeenea pande zote mbili, korodani zote zimeoza, hawakuwa na budi kuzitoa. Watoto hawatakuwapo tena.

Adija hakulia. Aliuliza jambo moja tu: ile picha aliyoisifu ilikuwa ya nani?

"Sijui," daktari alijibu. "Ninachojua ni kwamba haikuwa yake. Ningekiona kidonda chake siku ile, siku ya saba, kingepona kwa sindano za wiki moja."

Shamte alipopata fahamu alimkuta mkewe ameketi ubavuni pake, hina ikiwa bado imekolea viganjani. Daktari alikuja akamweleza Shamte yote. Alijaribu kumshika mkono. Adija hakuukwepesha, ila mkono ule ulilala ndani ya wake kama kitu kisicho na mwenyewe.

"Miaka tisa nimeitwa tasa nikanyamaza, ili wewe ubaki na heshima yako," alisema bila kupandisha sauti. "Mimi nilivuliwa nguo na kijiji kizima, baba. Wewe ukashindwa kumvulia daktari mmoja?"

Shamte aligeukia ukutani. Walirudi Kiswere wakaendelea kuishi nyumba moja, na cherehani ikaendelea kulia barazani, lakini baina yao hakukuwa na la kungojea tena. Kijiji kilikoma kumwita Adija tasa, naye hakuona faida yake. Hivyo ndivyo ilivyothibitika, tena kwa maana yake kavu isiyo na fumbo, kwamba mficha uchi hazai.