Jina la Mjukuu wa Bi Salme

Sogeeni karibu, nina kesi na sina hukumu.

Palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Shaweji hakuwahi kutupa karatasi. Hata risiti ya mwavuli uliopotea zamani alikuwa nayo. Mdogo wake, Mbwana, alikuwa mnadi wa samaki. Akinong'ona, jirani wa nyumba ya tatu humwitikia. Wa tatu, Faki, alikuwa ofisa uhamiaji wa nchi ndogo ya kisiwa cha Mwambamkuu, na sheria za wageni alizihifadhi zote kwa moyo.

Shaweji na Mbwana walimsindikiza mama yao, Bi Salme, kwenda Mwambamkuu kwa ndege. Binti yake alikuwa amejifungua huko mtoto wa kiume, na kwa mila yao bibi mzaa mama ndiye ampaye mtoto jina siku ya saba. Siku yenyewe ndiyo hiyo. Asipofika kabla ya alasiri, upande wa baba wangempa mtoto jina la babu yao, Machano, mtu aliyewahi kumlia Bi Salme mbuzi wake. Na Bi Salme hajamsamehe.

Uwanjani wakafika dirishani kwa Faki.

"Karibu, mama. Visa utaipata hapa hapa. Nionyeshe kadi ya homa ya manjano, barua ya mwenyeji na tiketi ya kurudi."

Wanawe walikuwa na vyao. Yeye hakuwa na hata kimoja. Akawageukia wote watatu.

"Jamani, atakayenifikisha kwa mjukuu wangu, mtoto atachukua jina lake. Nimeweka nadhiri!"

Shaweji akafungua kopo la biskuti alilolibeba kwapani. Akapekua, akapekua, akaibuka na kadi ya mama yake ya tangu alipokwenda Hija.

Mkwe wa Bi Salme alikuwa akiwasubiri nje ya uzio, simu imemzimikia. Mbwana akajaza kifua: "Shemejiii! Andika barua ya mwenyeji!" Abiria wawili wakaangusha mizigo. Mlinzi akaileta barua, wino haujakauka.

Ikabaki tiketi.

"Unaondoka lini, mama?" Faki akauliza.

Bi Salme akawaka. "Hata maji sijanywa, ushanifukuza? Kwetu mgeni hataji siku ya kuondoka! Kama ni jembe la siku ya tatu, nimekuja nalo sandukuni!"

Faki akafumba macho, akakariri: "Kipengele cha tisa. Tiketi ya kurudi lazima iwepo. Tarehe si lazima." Akamtuma Shaweji kaunta ya ndege, ikakatwa tiketi isiyo na siku.

Bi Salme akaikagua mbele na nyuma. "Hii haimfukuzi mtu," akasema. Muhuri ukagongwa.

Walifika nyumbani kwa binti zimebaki dakika kumi kabla ya alasiri. Faki naye, zamu imekwisha, aliwafuata na sare yake. Bi Salme akampakata mjukuu, machozi yakamtoka kwa furaha.

"Mama, jina?" binti akauliza.

"Shaweji," akasema Shaweji. "Bila kadi yangu ungelala uwanjani."

"Mbwana!" akasema Mbwana, na mtoto akashtuka.

"Mama, hao ni wanao, ilikuwa wajibu wao," akasema Faki taratibu. "Mimi kazi yangu ni kurudisha watu, nami nilikupitisha."

Mlangoni kina Machano wameshaanza kukohoa. Mtoto amesinzia tena, mgeni pekee aliyeingia Mwambamkuu bila kadi, bila barua, bila tiketi.

Je, wewe ungekuwa Bi Salme, ungemnong'oneza jina la nani? Semeni upesi, alasiri ndiyo hiyo inaadhiniwa.