Aliyelala Ndani ya Gari la Senzota

Gari jema husifiwa na aliyelala. Neno hilo mmelisikia jana kwenye kikao, mkatazamana, mkacheka. Niliwaona. Mkasema, aliyelala atasifuje naye kafumba mdomo? Haya, vuteni viti, na anayetaka kuchezea simu akachezee nje. Methali hii ilianza hivi.

Huku kwetu milimani Usangi alikuwepo mama mmoja mshonaji, jina lake Namsifu. Alilelewa na bibi yake, Bibi Nakijwa, na hata alipoolewa aliolewa nyumba ya tatu tu, asimwache mbali. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwa miaka sita hakuona kitu ila mwanga wa mlangoni. Namsifu alipojifungua binti, Bibi alimpapasa uso kwa vidole, akasema pua ni ya ukoo wetu. Mtoto akafika miaka minne, na Bibi bado anamjua kwa vidole. Jambo hilo lilimchoma Namsifu kuliko yote.

Mtauliza, kwa nini asipelekwe hospitali? Alipelekwa, tena mara mbili. Kona za kushuka Mwanga mnazijua. Bibi alianza kutapika kona ya kwanza akamalizia Moshi, na alipopimwa, presha ilikuwa imepanda mpaka daktari akavua miwani. Wakasema jicho halipasuliwi kwa presha ile, mrudisheni akapumzike. Mara ya pili mambo yakawa yaleyale. Bibi akaapa kwamba kaburi lake liko hapahapa mlimani, na kaburini hakuna cha kutazama.

Mwaka huo zikaja habari kwamba mabingwa wa macho wangekaa Moshi siku tano. Namsifu alimbembeleza bibi yake wiki nzima, hadi akampigia magoti. Mwishowe Bibi akakubali kwa sharti moja. Angepanda gari mara hiyo tu. Akitapika, gari ligeuze palepale, na asisikie tena habari ya macho mpaka anakufa. Basi Namsifu akajua kwamba safari ni moja, na kwamba kila kitu kitategemea gari gani.

Ukoo ukaketi. Siku hizo magari ya nyumbani pale kijijini yalikuwa matatu, na wenyewe walikuja wote. Wa kwanza alikuwa Kadeghe, mtu mwema lakini mdomo wake hauna breki. Gari lake lilikuwa kubwa, refu kwenda juu, magurudumu mapana. Alilisifu tangu chai ilipomiminwa mpaka viazi vikaletwa: linapita mtoni, linapita kwenye matope, halijui kuchoka. Wa pili alikuwa Mwalimu Msuya, na gari lake lilikuwa saluni ya milango minne iliyotoka bandarini mwaka uleule, viti vya ngozi, kiyoyozi, redio inayoongea kwa sauti ya kike. Naye alisema mpaka maneno yakamwishia. Wa tatu alikuwa Mzee Senzota, mstaafu wa posta. Na yeye alikuwa na saluni, lakini yake ilikuwa na miaka ishirini na miwili, rangi ya majivu. Alipoulizwa alifikiri kidogo, akasema, "Huwa linafika." Watu wakaangua kicheko. Wajomba wakasema Bibi wa ukoo mzima hawezi kushushwa mlimani kwa gari kuukuu kama lile, tutachekwa hadi Ugweno.

Namsifu hakucheka wala hakubisha. Alikuwa mshonaji, na mshonaji anajua kwamba gauni haliulizwi kwa fundi, linaulizwa kwa aliyelivaa. Kesho yake akafunga kanga, akaenda kwa wake zao.

Mke wa Kadeghe alimwambia wazi. Gari ni imara, hilo asiwasingizie, lakini kona zote anazijua kwa idadi, maana kila moja humrusha upande wake, naye hushikilia mpini wa juu kwa mikono miwili. Wakifika Mwanga yeye hushuka, kiuno kinabaki ndani ya gari. Mke wa Mwalimu Msuya alisema viti ni vitamu kweli, tatizo ni ile taa nyekundu inayowaka wakianza kushuka. Mara mbili limewazimikia kona ya tano. Sasa husafiri na dumu la maji mapajani na sala mdomoni.

Akafika kwa Mama Eliapenda, mke wa Mzee Senzota, akamkuta anamenya ndizi. Akamwamkia, akaketi, akamuuliza gari lao likoje njiani. Mama wa watu akaacha kumenya, akaona haya.

"Hapo umeniuliza neno gumu, mwanangu. Sijui."

"Hujui vipi, mama, na mnalo miaka ishirini na miwili?"

"Kila safari najiambia leo nitakaa macho nimpigie mzee soga. Tukipita kona ya kwanza, basi tena. Nashtukia ananiambia, mama, shuka tumefika."

"Hata wakati wa mvua?"

"Huwa naambiwa ilinyesha."

"Na likiharibika njiani?"

"Likiharibika si ningeamka?"

Namsifu alishukuru, akaondoka na moyo mzito. Wawili wamempa majibu, na huyu wa tatu hajui hata mvua. Alifika katikati ya migomba, akasimama. Akayarudia maneno ya yule mama moja baada ya jingine, kisha akashika pindo la kanga, akarudi mbio kama aliyesahau chungu jikoni. Mzee Senzota alikuwa chini ya gari lake, miguu tu ndiyo inaonekana, kwa sababu kila Jumamosi alikuwa humo: akibadilisha shokapu kabla hazijafa, akikaza kilicholegea, akipunguza upepo wa matairi usizidi. Kwake yeye, gari likishaanza kulia umechelewa. Namsifu akaiambia ile miguu kwamba keshokutwa, saa kumi na mbili asubuhi, wanamchukua Bibi.

Wajomba wakanuna. Mmoja akamwonya kwamba bibi yake akibaki kipofu, lawama itamlalia yeye peke yake. Namsifu aliogopa, msidhani hakuogopa. Usiku ule hakupata usingizi.

Siku ilipofika Bibi aliketi nyuma, ndimu mkono huu, mfuko mkono ule, taya amekaza. Aliyangoja matapishi kama anavyongojwa mgeni asiyependwa. Ikapita kona ya kwanza. Ikapita ya pili. Mzee Senzota aliendesha polepole, kimya, anaingia kwenye kona taratibu na kutoka taratibu. Kwenye ya nne ile ndimu ikaponyoka ikaanguka sakafuni, na kichwa cha Bibi kikalala begani kwa Namsifu. Namsifu alidhani amezimia. Akampelekea kiganja puani, akahisi pumzi. Ndipo Bibi akaanza kukoroma.

Alikoroma mpaka Moshi.

Muuguzi alimpima presha, akatazama, akampima tena.

"Bibi, ulilala hapa mjini jana?"

"Nimetoka Usangi asubuhi hii."

"Usangi kule juu? Safari ilikuwaje?"

"Binti yangu, mimi sijui. Waulize hawa walioiona."

Presha ilikuwa mia na thelathini, ya msichana kabisa. Wakampasua jicho moja siku hiyo, na la pili siku ya nne. Walipofungua bandeji, Bibi alimtazama Namsifu kwa muda mrefu, akamwambia amefanana na marehemu mama yake. Namsifu alilia mbele za watu, na wala hakujifuta.

Habari zikapanda mlimani kabla yao. Siku ya kurudi kijiji kizima kilishuka barabarani na ngoma na majani, Kadeghe mbele, kwani huyo hakosi. Lile gari la rangi ya majivu likatokeza kwenye kona ya mwisho, wanawake wakavuta pumzi wapige vigelegele. Kadeghe akakimbilia dirishani ili awe wa kwanza kumsalimu. Akachungulia. Kisha akageuka, akainua mikono yote miwili.

"Nyamazeni. Nilisema mimi, akasema Mwalimu, tukasema mpaka tukachoka. Gari jema husifiwa na aliyelala."

Basi kijiji kizima kikalisindikiza gari lile kimyakimya, ngoma zimekumbatiwa, watu wananyata pembeni kama wezi huku wanacheka bila sauti. Lilipozimwa uani ndipo Bibi akafumbua macho. Akamkuta Kadeghe dirishani.

"Wewe si Kadeghe? Mbona umezeeka hivyo?"

Kisha macho yake yakashuka, yakamwona binti wa miaka minne aliyeshika mlango. Hakumpapasa. Mikono aliiacha mapajani, akamtazama tu, kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu, akamwita kwa jina lake. Hapo ndipo ngoma zikalia, na hazikunyamaza mpaka jua likazama.

Kwa hiyo wanangu, mkimwona mtu anasimama kikaoni kujisifia uongozi wake, au mume anayetangaza jinsi anavyoitunza nyumba yake, msibishane naye. Nendeni mkawatazame waliomo ndani, kama wanakodoa macho au wanakoroma. Gari jema husifiwa na aliyelala.